Usimamizi wa shauri la mtoto ni nini?

Usimamizi wa shauri ni utaratibu wa kumkabidhi mtoto aliye hatarini, pamoja na familia yake, kwa mtumishi mmoja, mara nyingi afisa ustawi wa jamii, atakayewajibika kwao tangu taarifa inapopokelewa hadi jalada linapofungwa. Mahakama inaweza kuhusika au isihusike kabisa.

Swali la kwanza ni kama mtoto atalala salama leo. Jibu likiwa hapana, mengine yote yanasubiri. Mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, maana dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Kumzungusha ofisi hadi ofisi akitafutiwa mihuri ni kumwibia saa hizo.

Tathmini inayofuata humtazama mtoto na nyumba nzima: nani anampikia, nani anamtisha, nani anamwamini. Akihojiwa, aambiwe, "Hebu niambie ilikuwaje." Ukimuuliza, "Baba alikupiga?" umeshamtilia jibu mdomoni, na ushahidi wake utatiliwa shaka baadaye. Tena asirudishwe kusimulia kwa kila mgeni. Kila safari anaumia upya.

Ndipo mpango unaandikwa. "Familia ipewe ushauri nasaha" hausaidii mtu. Andika hivi: mama ataanza kliniki ya afya ya akili Jumanne, shangazi atabaki na watoto, afisa atapiga hodi Ijumaa jioni.

Mashauri mengi hufia kwenye rufaa, yaani pale familia inapoelekezwa kupata huduma kwingine. Mzazi anapewa karatasi, jalada linaandikwa "amepewa rufaa", basi. Kumbe hakuwa na nauli, au alifika akakuta anayetajwa yuko likizo. Rufaa huhesabiwa imekamilika pale huduma inapopokelewa, kwa hiyo afisa apige simu kabla, na ikibidi amsindikize. Hili halina njia ya mkato.

Kwa mtoto mwenye kiwewe, tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe huchukua kwa kawaida vikao 12 hadi 16, na mzazi asiyehusika na ukatili hushirikishwa. Kutulia baada ya vikao vitatu kusichukuliwe kuwa kupona.

Kumtoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, ya mwaka 2009, inasema umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenganisha na wazazi. Kama kinachokosekana ni chakula au kodi ya nyumba, itafutwe hiyo. Inauma kuona mtoto akipelekwa makao wakati mama yake alihitaji msaada wa miezi michache tu.

Shauri hufungwa malengo ya mpango yakishatimia na hatari ikiwa imeondoka. Kabla ya hapo afisa akae na mtoto faraghani, amuulize usiku unakuwaje siku hizi, na amuulize akiogopa tena atamwambia nani. Akishindwa kumtaja hata mtu mmoja, jalada libaki wazi.