Johnny Cash na albamu ya 2002: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wengi wetu Kenya tuliipenda kantri kupitia redio iliyopiga Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ameingia kwa mlango mwingine. Vijana wengi wamemjua kwa video moja tu: mzee mwenye mvi ameketi mbele ya meza iliyojaa chakula, mkono unatetemeka, anaimwaga divai juu ya meza huku picha za ujana wake zikipita. Wimbo ni Hurt, na albamu ni American IV: The Man Comes Around, iliyotoka Novemba 2002. Video ile huchoma moyo, nami siwezi kuitazama nikaendelea na shughuli zangu kana kwamba sijaona kitu. Tatizo ni kwamba watu wameichukua albamu nzima wakaisimulia kwa machozi ya wimbo huo mmoja, na mengi wanayosema si kweli.

Kwanza, wanasema Cash aliuandika Hurt mwenyewe kama wosia. Mwandishi ni Trent Reznor wa kundi la roki la Nine Inch Nails, na wimbo ulitoka mwaka 1994, yeye akiwa bado kijana. Aliyempelekea Cash ni prodyuza wake, Rick Rubin. Cash aligusa neno moja. Palipokuwa na taji lililoelezwa kwa neno la matusi, yeye aliimba taji la miiba. Alikuwa Mkristo aliyeshindana na vidonge vya kulevya kwa miaka mingi, akaanguka na kuinuka zaidi ya mara moja, kwa hiyo taji hilo halikuwa pambo kwake. Reznor alieleza baadaye kwamba mwanzoni aliona kama mtu amemwingilia jambo lake la siri, lakini alipoitazama video alihisi wimbo si wake tena.

Wengine wanaapa kwamba anamlilia mkewe marehemu. Mkewe, June Carter, alikuwa hai wakati huo. Tena yumo ndani ya video hiyohiyo, amesimama kwenye ngazi akimtazama mumewe. Alifariki tarehe 15 Mei 2003, Cash akamfuata tarehe 12 Septemba mwaka huohuo. Kwa kuwa sisi tunajua kilichofuata, tunamtazama mama yule pale kwenye ngazi tukimwona tayari ameondoka.

Kuna hili la jela pia. Albamu ina nyimbo mbili za watu wanaokabili kitanzi: Sam Hall, wimbo wa zamani wa mapokeo, na I Hung My Head, uliotungwa na Sting, mwanamuziki wa Uingereza. Msikilizaji aliyesikia kwamba Cash aliimba katika gereza la Folsom, California, mwaka 1968 huchanganya mambo na kusema ni maungamo ya mfungwa wa zamani. Alilala mahabusu mara kadhaa, usiku mmoja mmoja, lakini hajawahi kutumikia kifungo gerezani. Hata wimbo wake maarufu kuhusu Folsom aliurekodi mwaka 1955, miaka mingi kabla ya tamasha lile, na wazo lilimjia baada ya kutazama filamu alipokuwa mwanajeshi wa anga wa Marekani kule Ujerumani.

Lakini dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: kwamba mzee alikuwa amekwisha, akaja prodyuza wa mjini, akamwekea nyimbo za vijana mdomoni. Ni kweli kampuni ya muziki ya Columbia ilimwacha mwaka 1986 baada ya karibu miaka thelathini, na ni kweli Rubin alitokea kwenye hip hop na roki nzito. Ila walipoanza kazi mwaka 1993, Rubin alimketisha sebuleni kwake Los Angeles na kumwomba aimbe anachokipenda, yeye na gitaa lake tu. Cash alikuwa na hamu ya kurekodi namna hiyo tangu zamani. Albamu yao ya kwanza, ya 1994, ilipata tuzo ya Grammy, na ile ya 1996 ikachukua Grammy ya albamu bora ya kantri ingawa redio za kantri hazikuipiga.

Na wimbo uliobeba jina la albamu ya 2002 aliutunga mwenyewe, akiwa mgonjwa. Alisimulia kwamba aliota yuko mbele ya Malkia Elizabeth, naye akamwambia kuwa anafanana na mti wa miiba katika upepo wa kisulisuli. Maneno hayo hayakumtoka kichwani, akaanza kupekua Biblia, yakamfikisha kwenye kitabu cha Ayubu. Akaandika ukurasa baada ya ukurasa, akafuta, akaandika tena. Alisema hakuna wimbo aliowahi kuutumilia muda mwingi hivyo. Anayesoma Biblia ya Kiswahili ataujua kila mstari: wanawali na taa zao, mtu anayeupiga teke mchokoo, na mwanzoni farasi mweupe wa Ufunuo sura ya sita. Mwishoni anakuja yule wa kijivujivu, aliyempanda jina lake Mauti, na Cash anausoma mstari huo kwa sauti kavu kama mzee wa kanisa asiye na haraka. Mtu aliyekwisha hawezi kuandika hivyo. Fundi ndiye anayeandika hivyo, ameshika kazi yake kwa mikono miwili.

Hata sauti ile inayokatika watu huielewa vibaya, kana kwamba ugonjwa umejiimba wenyewe. Kisukari na maradhi ya neva vilimnyima pumzi, ndiyo. Sikiliza Give My Love to Rose, ambao aliuimba kwa mara ya kwanza miaka ya hamsini. Safari hii anapumzika mahali ambapo zamani alipita mbio, na mtu anayekufa kando ya reli ndani ya wimbo anasikika kweli anatafuta pumzi. Wimbo huo, na si Hurt, ndio uliompa Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa kantri mapema 2003.

Wala albamu hii haikuwa kazi yake ya mwisho. Baada ya kumzika June aliendelea kurekodi hadi Agosti, na Julai 5 alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho huko Hiltons, Virginia, nyumbani kwa ukoo wa mkewe. Sehemu ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2006 kama American V, ikafika namba moja Marekani, jambo ambalo albamu yake haikuwahi kulifanya tangu 1969.

Ukipata nafasi, sikiliza nyimbo zote kumi na tano za American IV kwa mpangilio wake. Wimbo wa kufungia ni We'll Meet Again, wa enzi za vita, na kwenye kiitikio anaingia na familia na marafiki, wote pamoja, kama watu wanaosindikiza mgeni hadi barabarani.