Kinachotokea kwenye moyo na mishipa ya damu ndani ya sauna

Kila ninapokwenda likizo Dar es Salaam, ndugu na jamaa wanaojua kwamba ninafanya kazi ya fiziotherapia katika mji wa Tampere, nchini Finland, huniuliza swali lile lile: je, ni kweli sauna inatoa sumu mwilini? Safari iliyopita niliingia katika ukumbi mmoja wa mazoezi nikakuta bango mlangoni mwa chumba cha sauna likiahidi kuondoa sumu na kupunguza kilo mbili kwa kikao kimoja. Ndani alikuwemo kijana aliyejizungushia plastiki tumboni, akihema kwa shida, na chupa yake ya maji alikuwa ameiacha nje kwa makusudi. Nilimwomba atoke, nikaketi naye mpaka mapigo ya moyo wake yakatulia. Tukio lile liliniuma, kwa sababu sauna ina faida za kweli ambazo ningependa watu wetu wazijue, na kijana yule alikuwa akizitafuta mahali zisipokuwepo.

Jasho ni maji na chumvi, pamoja na vitu vingine vichache kwa kiasi kidogo mno. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, na viungo hivyo havisaidiwi kwa kunyimwa maji, figo huumia. Katika kikao cha kawaida mtu hutokwa na takriban nusu lita ya jasho, na uzito uliopungua kwenye mizani hurudi mara tu anapokunywa maji. Anayetaka kuelewa sauna hana budi kuufuata mwendo wa damu.

Sauna ya Kifini ni chumba cha mbao chenye jiko lililojazwa mawe, ambalo wenyeji huliita kiuas, na vikalio vilivyopangwa kwa ngazi. Joto karibu na vikalio vya juu huwa kati ya nyuzi joto 80 na 100. Maji yenye joto hilo yangekubabua kwa sekunde chache, lakini hewa kavu hubeba joto kidogo, na jasho linapokauka huipoza ngozi, ndiyo maana mtu huweza kukaa humo robo saa bila kuungua. Kisha mmoja wa walioketi huchota maji kwa kata na kuyamwaga juu ya mawe. Mawe hulia, mvuke hupanda hadi darini na kushuka mabegani kama shuka la moto. Wafini huuita mvuke huo löyly, na kwao sauna bila huo haijakamilika. Kipimajoto cha ukutani hakionyeshi badiliko kubwa, ilhali ngozi inahisi kuwaka: mvuke unapogusa ngozi ambayo ni baridi kuliko wenyewe, hugeuka tena kuwa matone na kuachia joto lote uliokuwa umelibeba. Sehemu ya maji unayoyafuta kifuani na kuyaita jasho ni mvuke huo.

Mwili sasa una kazi ya kufanya. Ndani ya dakika chache ngozi hufikia takriban nyuzi joto 40, na joto la ndani ya mwili hupanda polepole, kwa kawaida kwa nyuzi moja hivi. Ili kuliondoa joto hilo, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hutanuka na damu nyingi huelekezwa huko. Moyo nao, ambao ulikuwa ukipiga mara 70 kwa dakika, hufika 100 au 120, na joto likizidi huweza kukaribia 150. Kiwango hicho ni sawa na cha mtu anayetembea kwa kasi au kupanda mlima mdogo, ingawa misuli ya miguu imetulia tuli. Kuta za mishipa zinapopitisha damu nyingi kwa kasi hutoa kemikali inayozilegeza, na mtu akishatoka na kupoa, shinikizo la damu hushuka kwa muda chini ya lilivyokuwa kabla hajaingia. Zoezi hilo la kutanuka na kurudi, likirudiwa wiki baada ya wiki, ndilo ninaloliona kuwa tiba.

Ushahidi unaojulikana zaidi ulitoka Kuopio, mashariki mwa Finland. Wanaume 2,315 wenye umri wa kati ya miaka 42 na 60 waliandikishwa katika miaka ya 1980, wakaulizwa huingia sauna mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani, kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka 20. Daktari wa moyo Jari Laukkanen na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015: ikilinganishwa na walioingia mara moja kwa wiki, wale walioingia mara nne hadi saba walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla cha moyo iliyopungua kwa asilimia 63, na hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile iliyopungua kwa asilimia 40. Hata mara mbili au tatu kwa wiki zilionyesha nafuu, ingawa ndogo zaidi. Uchambuzi wa baadaye wa kundi hilo hilo ulionyesha pia upungufu wa shinikizo la juu la damu na wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Takwimu hizi zinavutia, na hapo ndipo mtaalamu anapaswa kujizuia. Mtu mwenye nafasi na nguvu ya kuingia sauna kila siku huenda alikuwa na afya njema tangu mwanzo, na ingawa watafiti walizingatia uvutaji wa sigara, uzito na mengineyo, uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha sababu. Ndiyo maana naupa uzito mkubwa utafiti uliofanyika katika mji wa Jyväskylä, Finland, na kuchapishwa mwaka 2022, ambapo watu waliongeza dakika 15 za sauna baada ya mazoezi kwa majuma manane. Shinikizo lao la damu na lehemu vilishuka, na uwezo wa mapafu na moyo ulipanda kuliko kwa waliofanya mazoezi peke yake. Kwa upande mwingine, jaribio lililofanyika Montreal, Kanada, kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo ambao tayari walikuwa kwenye matibabu, halikuona mabadiliko katika afya ya mishipa baada ya majuma manane. Kwa maoni yangu sauna ni nyongeza nzuri ya mazoezi, na mgonjwa wangu akiniambia ameacha kutembea kwa kuwa anaingia sauna, humrudisha barabarani siku hiyo hiyo.

Katika kazi yangu ya utengamao naona faida nyingine zilizo za kawaida zaidi: mabega yaliyokakamaa hulegea, maumivu ya mgongo hupoa kwa saa kadhaa, na usingizi wa usiku huo huwa mzito.

Wasomaji wengi watakumbuka nyungu. Kujifukiza chini ya blanketi kwa majani ya mkaratusi au mchaichai hulegeza pua iliyoziba, na harufu yake inawakumbusha wengi wetu mikono ya bibi. Hata hivyo joto lake hukaa zaidi usoni na kifuani, kwa muda mfupi, na sufuria ya maji yanayochemka katikati ya magoti imeshaunguza watu wengi, hasa watoto. Na joto la Dar la mwezi wa pili, ambalo pia huwa naulizwa, halitoshi kuitwa sauna: linachosha mchana kutwa bila kuupa mwili ule upoaji wa haraka unaokamilisha zoezi.

Mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au ambaye vali ya aota, yaani mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, imebanwa sana, asiingie mpaka daktari wake aruhusu. Anayetumia dawa za presha au za kupunguza maji mwilini aingie kwa muda mfupi na asimame taratibu, maana mishipa iliyotanuka huacha damu miguuni na kichwa hukosa. Mjamzito na aulize kliniki kwanza. Mwanamume anayetafuta mtoto ajue kwamba joto hupunguza mbegu, nazo hurudi baada ya miezi kadhaa. Mwenye selimundu ninamsihi kwa namna ya pekee: upungufu wa maji na baridi ya ghafla ni vichocheo vya maumivu makali, kwa hiyo asiige Wafini wanaotoka motoni na kujitosa ziwani. Pombe isichanganywe na sauna kabisa.

Hapa Tampere, katika kitongoji cha Pispala, ipo sauna ya umma iitwayo Rajaportti, iliyofunguliwa mwaka 1906 na inayofanya kazi hadi leo. Mzee mmoja ninayemkuta humo hukaa ngazi ya chini dakika kumi, hutoka uani akiwa na taulo, hunywa maji kidogo kidogo mpaka ngozi yake ikauke, kisha hurudi mara moja zaidi na kwenda nyumbani. Mgeni wa sauna afuate mwendo huo, mara mbili au tatu kwa wiki, akianza na dakika tano hadi kumi na kutoka mara anapohisi kizunguzungu. Na kabla hujalipia sauna yoyote mjini kwenu, angalia kama kuna kipimajoto ukutani na maji ya kunywa karibu, kisha ujaribu mlango: unapaswa kufunguka kuelekea nje kwa kusukumwa tu, wala usiwe na komeo.