Sukari ya kwenye ORS ina kazi gani?

Mwaka jana niliingia wodi ya watoto na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Bibi mmoja alikuwa akimnywesha mjukuu wake ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji kwa anayeharisha, kutoka kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na pakiti nzima ilikuwa imeishia humo. "Nimeikoroga nzito, mwanangu, impe nguvu upesi," aliniambia. Mwanafunzi mmoja akaitikia kwa kichwa. Nikaona somo la osmosisi, yaani maji kuhamia upande wenye chembe nyingi zilizoyeyuka, nililofundisha mwezi uliotangulia halijafika wodini.

Tuanze na hiyo nguvu. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, sawa na vijiko vitatu hivi vya chai. Haimshibishi mtu. Sukari imewekwa ili sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ipate kupita kutoka utumboni kuingia mwilini.

Kwenye uso wa seli za utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1. Hubeba ioni (chembe zenye chaji) 2 za sodiamu na molekuli 1 ya glukosi kwa pamoja. Glukosi isipokuwepo, sodiamu haipiti hapo. Upande wa seli unaoelekea damu kuna pampu inayotumia ATP, nishati ya seli, kutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu ni chache, tena chaji ya ndani ni hasi. Ioni ya sodiamu iliyoko nje inavutwa kwa sababu mbili, uchache na umeme, na ikiingia inaingia na glukosi. Maji hufuata.

Sumu ya kipindupindu hupandisha AMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe, ndani ya seli hizo. Mifereji ya kloraidi hufunguka, kloraidi hutoka, sodiamu na maji huifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Sumu hiyo huzuia pia njia nyingine ya sodiamu, ile isiyohitaji sukari, ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayamwokoi mgonjwa. Lakini SGLT1 huiacha nzima. Kila ninapofundisha jambo hili nasimama kidogo, kwa sababu uhai wa watu wengi umepita katika protini hiyo moja.

Mwanabiokemia Robert Crane alieleza mwaka 1960, huko Prague, kwamba sodiamu na glukosi husafiri pamoja. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi, magadi soda na glukosi. Vifo vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Sasa turudi kwenye chupa ya bibi. Chukua kalamu. Gramu 13.5 gawanya kwa 180, uzito wa moli moja ya glukosi, unapata moli 0.075, yaani milimoli 75 za glukosi kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Sodiamu nayo ni 75. Ukijumlisha na kloraidi, potasiamu na sitreti unafika 245, chini kidogo ya damu, ambayo ni kama 290. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa 311, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani liliupunguza, kwa sababu ule mwepesi hupunguza kinyesi na kutapika. Pakiti hiyohiyo kwenye nusu lita inakuwa 490. Hapo osmosisi inageuka: maji yanatoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto anaharisha zaidi huku anakunywa dawa. Soda na juisi tamu hufanya vilevile.

Nilimwambia, "Bibi, umefanya vema kumnywesha, ila hii inataka chupa mbili kama hizi." Tukamwaga ile, tukafungua pakiti mpya kwenye jagi la lita moja lenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Aliionja kwanza yeye. "Mbona haina utamu?" Yule mwanafunzi aliyeitikia kwa kichwa ndiye aliyemjibu, akiwa amechuchumaa kando ya kitanda, akimpa mtoto kijiko kimoja, anasubiri, kisha kingine.