2,147,483,647: namba tasa iliyojificha ndani ya kompyuta

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi ni hili, hivi namba kubwa hivi unajuaje kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, si utakesha unagawanya? Nawajibu kwa namba moja tunayoipenda sana idarani kwetu, 2,147,483,647.

Inapatikana hivi: 2 kipeo cha 31, halafu toa 1. Ni witiri, hilo liko wazi, na jumla ya tarakimu zake ni 46 kwahiyo 3 haiingii. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la sita anaweza. Shida inaanza ukitaka uhakika, maana inabidi ujaribu namba tasa zote mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na kitu, na hizo ni zaidi ya 4,700, kwa mkono!

Mersenne, padri wa Ufaransa, mwaka 1644 alitaja tu kwamba kipeo 31 kinatoa tasa, ila kwenye orodha hiyohiyo akaweka 67 na 257 ambazo sio, kwahiyo neno lake halikutosha. Mwaka 1772 Euler, mwanahisabati kutoka Uswisi, akiwa Saint Petersburg, Urusi, na macho yameshaisha karibu kabisa, akathibitisha. Alijua namba za aina hii zinachagua vigawo vyake. Chukua 2 kipeo cha 11 toa 1, unapata 2,047. Mara mbili ya 11 ni 22, sasa angalia vigawo vyake tasa: 23 ni 22 jumlisha 1, na 89 ni 22 mara 4 jumlisha 1. Haijatokea bahati mbaya, ni lazima iwe hivyo kipeo kikiwa tasa. Kwa 31 basi, kigawo tasa ukikigawanya kwa 62 lazima kibaki 1, na ukikigawanya kwa 8 kibaki 1 au 7, ukichuja hivyo zile elfu nne na ushee zinabaki kama themanini tu. Hakuna hata moja iliyoingia.

Hii ndo tasa ya nane ya Mersenne, yaani tasa zinazopatikana kwa 2 kipeo fulani toa 1, na ukiizidisha kwa 2 kipeo cha 30 unapata namba kamilifu 2,305,843,008,139,952,128, yaani vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe vinajumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 6 ilivyo 1+2+3.

Kwenye kompyuta sasa. Namba ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, inatumia biti moja kwa alama ya hasi, zinabaki 31, zote zikiwa 1 ndo hiyohiyo. Ongeza 1 tu inageuka hasi 2,147,483,648. Mfumo unaotunza pesa kwa senti namna hiyo unagota kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, pesa ya kiwanja kimoja tu mjini. Na saa zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 zitagota Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za huku kwetu Afrika Mashariki. Vijana mnaoandika programu, hamieni biti 64 mapema, mkianza na mifumo ya mikopo ya miaka mingi maana hiyo inapiga hesabu za tarehe za mbele kuanzia leo.