Chupa Usiitupe: Jinsi Kesi za Virutubisho Vyenye Uchafu Zinavyojengwa

Mtu akinipigia simu kusema ini au figo zake zimeharibika baada ya kutumia vidonge vya mitishamba, swali langu la kwanza huwa ni chupa iko wapi. Wengi hushangaa. Wengine hunijibu, tena kwa fahari, kwamba wameitupa yote na pakiti wameichoma ili mtoto asije akaiokota. Hasira yao naielewa, ila kesi za namna hii nyingi hufia hapo hapo jalalani.

Mimi ni wakili wa madai, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watu walioumizwa na bidhaa za kumeza: dawa za mitishamba, poda za kujenga misuli, chai za kupunguza uzito, vidonge vya nguvu za kiume. Kwa mbali kesi hizi huonekana nyepesi. Mtu alikuwa mzima, akameza, akaugua, basi alipwe. Ukizisogelea utakuta mitego, na mingi haihusu vifungu vya sheria hata kidogo. Inahusu kemia na utunzaji wa vitu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mmea wenyewe unaweza kuwa na madhara, na kitu kigeni kinaweza kuingia mahali ambapo hakikutakiwa kuwemo. Efedra, mmea wa kuchangamsha mwili uliopigwa marufuku kwenye virutubisho nchini Marekani mwaka 2004, ulikuwa umeandikwa kwenye lebo waziwazi. Kesi zake zilihusu maonyo: je, mnunuzi aliambiwa vya kutosha kuhusu moyo na shinikizo la damu? Uchafu ni habari nyingine. Ni nadra mtengenezaji kusimama mbele ya hakimu aseme sumu ile ilikusudiwa, wala mteja wangu hawezi kuambiwa kwamba aliikubali hatari ambayo lebo haikuitaja. Majibu ya maabara yakishatoka, hoja ya ubovu wa bidhaa huwa imekaribia kwisha.

Ugumu unatokea hapo hapo kwenye nguvu hiyo. Mmea wenye madhara uko kwenye kila chupa iliyowahi kuuzwa, lakini uchafu mara nyingi uko kwenye bechi moja, yaani mzigo mmoja uliotengenezwa kwa pamoja, pengine kwenye gunia moja la malighafi. Nikipima chupa ya bidhaa ileile yenye namba nyingine ya bechi nikaikuta safi, sijathibitisha kitu. Nikiikuta chafu, bado wakili wa upande wa pili atauliza inamhusu vipi mteja wangu.

Njia za uchafu kuingia ni nyingi, na kila njia ina mdaiwa wake. Mfano ambao wanasheria na madaktari huurudia zaidi ni wa Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wateja wa kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vilivyotakiwa kuwa na mmea wa Stephania tetrandra. Kilichokuwemo ni Aristolochia fangchi, mmea ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Aristolokia ina asidi inayoharibu figo, na zaidi ya watu 100 walipata madhara. Sasa jiulize umshitaki nani: daktari aliyeandika, mfamasia aliyechanganya, mwagizaji aliyeleta magunia, au aliyevuna? Kila mmoja atasema alimwamini aliye nyuma yake.

Mwaka 1997 Marekani ilipata kisa kama hicho kwa upande wa moyo. Malighafi iliyouzwa kama majani ya mmea usio na madhara, plantago, ilikuwa imechanganyika na Digitalis lanata, mmea unaotoa dawa kali ya moyo. Uchunguzi ulionyesha kuwa malighafi hiyo ilikuwa imesambazwa kwa watengenezaji, wasambazaji na wauzaji zaidi ya 150. Ndiyo maana hati zangu za madai huwa na wadaiwa wengi tangu siku ya kwanza. Ni rahisi kumwondoa mtu kwenye kesi baadaye kuliko kumwingiza muda ukiwa umekwisha.

Metali nzito nitazipitia haraka. Utafiti wa mwaka 2004 ulichukua dawa 70 za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, zilizouzwa eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Metali huweza kutoka udongoni, kwenye mashine za kusagia, na katika baadhi ya mapokeo ya tiba huwekwa makusudi. Anayeziweka makusudi atajitetea kwamba hiyo ni dawa. Nami nitamuuliza kwa nini haikuandikwa.

Halafu kuna wanaotia dawa za viwandani kwa siri ili "mitishamba" ionekane inafanya kazi. PC-SPES iliuzwa kama mchanganyiko wa mimea minane kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ikaondolewa sokoni mwaka 2002 baada ya kupatikana na warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, ambayo haikutajwa popote. Chai na vidonge vya kupunguza uzito hukutwa na sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, mpaka leo, ingawa iliondolewa katika masoko makubwa mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Siwezi kuuita huu uchafu wa bahati mbaya. Madai ya udanganyifu huingia hapa, na katika nchi nyingi huambatana na fidia ya ziada ya kumwadhibu mdaiwa au kesi ya jinai.

Njia ya mwisho ni kiwanda chenyewe. Mwaka 1989 watu zaidi ya 1,500 waliugua Marekani, na makumi wakafa, kwa maumivu makali ya misuli na ongezeko la aina fulani ya chembe nyeupe za damu, baada ya kutumia kirutubisho cha L-triptofani, aina ya asidi ya amino. Ufuatiliaji ulielekea kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko, aliyekuwa amebadilisha aina ya bakteria wanaotumika katika uzalishaji na kupunguza kaboni ya kuchujia. Wanasayansi wamebishana miaka mingi ni kemikali ipi hasa kati ya zile chache zilizokutwa ndiyo iliyoua. Wadai hawakuhitaji kungojea jibu hilo. Ilitosha kuonyesha kwamba ugonjwa ulifuata bidhaa ya mtengenezaji huyo, na madai mengi yakamalizwa kwa malipo. Mwaka 2024, Japani tena, vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa vya kampuni ya Kobayashi viliondolewa madukani watu walipoanza kupata matatizo ya figo. Safari hii kemikali ilipatikana mapema, asidi ya puberuliki, inayotokana na kuvu.

Turudi kwenye vielelezo, maana hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Mteja anayefaa kupigiwa makofi huja na mfuko mzima: chupa aliyoanza kuitumia, nyingine ambayo haijafunguliwa, risiti, boksi, na barua ya hospitali. Chupa iliyofunguliwa inaonyesha alichomeza, lakini upande wa pili utasema mtu alitia kitu humo. Iliyofungwa, yenye bechi ileile na lakiri yake nzima, inaonyesha kilichotoka kiwandani. Ukiwa nazo zote mbili, mwanya umezibwa. Ukiwa na vidonge vilivyohamishiwa kwenye kopo la dawa nyingine, una mabishano ya miezi sita.

Nikizipokea nazipiga picha kila upande, namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda zikisomeka, nazitia kwenye mfuko wa kulakiri, na kila atakayezishika anaandika jina, saa na sababu. Wakili akikwambia hili ni urasimu, tafuta mwingine. Kupima nako kunaharibu: kidonge kikishasagwa na kuyeyushwa hakirudi. Kwa hiyo hatupimi vyote, na tunamwarifu mdaiwa kabla ya kupima ili asije akalia kwamba ameuliwa ushahidi wake. Nusu inabaki kwa ajili yake.

Majibu ya maabara yakija, usikimbilie kushangilia. Huandikwa kwa mikrogramu kwa gramu, na namba hiyo peke yake haina maana. Chukua mfano wa kidonge cha nusu gramu chenye risasi mikrogramu 20 kwa gramu. Kila kidonge kina mikrogramu 10. Lebo ikisema vidonge viwili mara tatu kwa siku, mtu amekula mikrogramu 60 kila siku, mwezi baada ya mwezi. Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya hakimu aweke kalamu chini na kusikiliza.

Mtengenezaji naye ana sampuli. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinamtaka atunze akiba ya kila bechi hadi mwaka mmoja baada ya muda wa bidhaa kuisha, au miaka miwili tangu kusambaza bechi hiyo. Barua yangu ya kwanza kwake hata haiombi pesa. Inamtaka asiharibu akiba hiyo, kumbukumbu za uzalishaji, vyeti vya malighafi na malalamiko ya wateja wengine. Wakati huohuo kitengo chake cha huduma kwa wateja huwa kimeshamwandikia mteja kwa upole mkubwa: rudisha chupa, tutakurudishia pesa yako yote. Wanaokubali ni wengi mno. Mteja amerudishiwa bei ya chupa moja, kielelezo kimekwenda, na pengine amesaini kwamba hana dai lingine.

Na kama chupa haipo kabisa? Wakati mwingine mwili wenyewe umetunza ushahidi. Asidi ya aristolokiki hujishikiza kwenye vinasaba vya seli za figo na kuacha alama inayotambulika miaka mingi baadaye. Risasi hupungua kwa nusu kwenye damu ndani ya mwezi mmoja hivi, ila hukaa mifupani miaka na miaka. Aseniki huonekana kwenye nywele na kucha. Ndiyo maana namhimiza mgonjwa apimwe wiki hiyohiyo, hata kama hajaamua kushitaki. Kushitaki kunaweza kusubiri kidogo, damu haisubiri.

Kuhusu sheria yenyewe, msingi katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, ya mama aliyenunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, ndani ya chupa isiyoonyesha kilichomo, akasema amekuta mabaki ya konokono. Yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote, na bado ilikubaliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. (Kama konokono alikuwemo kweli haikuwahi kuthibitishwa. Mdaiwa alifariki, pande zikamalizana.) Baadaye nchi nyingi zilikwenda mbele zaidi, zikaweka wajibu usiotegemea uzembe: Umoja wa Ulaya kwa agizo la 1985, Uingereza kwa sheria ya 1987, Japani kwa sheria ya 1994. Chini ya sheria hizo sihitaji kuonyesha kwamba kiwanda kilizembea. Naonyesha bidhaa ilikuwa na kasoro, mtu aliumia, na kasoro ndiyo iliyomuumiza.

Hilo la tatu ndilo linaloua kesi. Wakili wa utetezi hatabishana sana juu ya risasi kwenye chupa. Atauliza kuhusu pombe, homa ya ini, parasetamoli, kazi ya kupaka rangi, na virutubisho vingine vitano vilivyokuwa kabatini. Daktari wangu shahidi anapaswa kuwa ameyaondoa hayo moja moja kabla ya kuulizwa. Kumbukumbu inayosaidia kuliko zote ni mfululizo wa vipimo: ini lilikuwa zima kabla, likavurugika wiki kadhaa baada ya kuanza vidonge, likaanza kurudi baada ya kuviacha. Mteja akimficha daktari kwamba anatumia mitishamba, kwa aibu au kwa kuogopa kugombezwa, mfululizo huo unakatika na faili la hospitali linamsaidia mdaiwa.

Ukomo wa muda nao una sura yake kwenye kesi hizi. Agizo la Ulaya la 1985 lilitoa miaka 3 tangu mtu ajue madhara na aliyeyasababisha, na kikomo cha miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni. Kwa maoni yangu miaka 10 ilikuwa dhuluma kwa watu kama wale wa Brussels. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 39 kati yao waliokubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo kwa tahadhari, na 18 walikutwa tayari na saratani. Saratani ya namna hiyo haisomi kalenda ya bunge. Agizo jipya la 2024 limesogeza kikomo hadi miaka 25 kwa madhara yanayochelewa kujitokeza, ila linahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026.

Kesi nyingi huishia mezani, nje ya mahakama, na karibu kila rasimu ya makubaliano huja na kifungu cha siri. Kiasi cha pesa mteja anaweza kukificha akitaka, hilo ni lake. Kifungu kinachomzuia kuripoti kwa mamlaka ya dawa na chakula, au kumweleza daktari wake alichokimeza, nakifuta kwa kalamu na kuirudisha rasimu. Kuna nchi ambako kifungu cha namna hiyo hakina nguvu hata kikisainiwa, lakini mgonjwa aliyechoka hajui hilo, na anayekiandika anajua kwamba hajui.