Faida: pale mwamuzi anapoona faulo na kuacha mchezo uendelee

Mshambuliaji anakokota mpira kuelekea langoni, beki anamvuta jezi, anayumba lakini haanguki. Jukwaa zima linamgeukia refa. Refa hapulizi. Ananyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, huku akizidi kukimbia. Hiyo ndiyo faida, ambayo watangazaji wengine huiita adivanteji. Watu wengi wakiona filimbi imenyamaza hudhani refa hakuona kitu. Ameona vizuri kabisa. Ameona pia kwamba akisimamisha mpira atakuwa amemsaidia aliyetenda kosa, kwa sababu mabeki watapata muda wa kurudi na shambulizi litakufa.

Mamlaka hayo yamo katika Sheria ya 5 ya soka, inayomhusu mwamuzi. Siku hizi anaruhusiwa kusubiri sekunde chache, na faida aliyoitarajia isipopatikana, anarudi na kutoa mpira wa adhabu pale kosa lilipotendeka. Zamani haikuwa hivyo. Mpaka katikati ya miaka ya 1990, mwamuzi akishaamua kuacha mchezo uendelee hakuwa na ruhusa ya kugeuza uamuzi wake, hata kama mshambuliaji alijikwaa hatua mbili mbele. Faida ya wakati ule ilidai ujasiri wa aina yake.

Faida haimfutii mtu kadi. Kosa likistahili kadi, mpira ukitoka ndipo mchezaji huitwa na kuonyeshwa. Ila kuna nafuu: aliyezuia nafasi ya wazi ya bao, faida ikatolewa, hupata njano badala ya nyekundu. Na rafu mbaya ya kuhatarisha mguu wa mtu haisubiriwi. Filimbi ipulizwe hapo hapo, isipokuwa bao liko wazi kabisa.

Ugumu wake ulionekana Paris mwaka 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Barcelona na Arsenal. Mapema katika kipindi cha kwanza, kipa Jens Lehmann alimwangusha Samuel Eto'o nje kidogo ya eneo la penalti. Mpira ukamfikia Ludovic Giuly, akautumbukiza wavuni. Lakini mwamuzi Terje Hauge wa Norway alikuwa ameshapuliza. Bao likafutwa, Lehmann akatolewa kwa nyekundu, Arsenal wakacheza pungufu karibu mechi nzima. Angesubiri kidogo tu, Barcelona wangekuwa na bao lao na kipa angebaki golini na njano. Hauge mwenyewe alisema baadaye kwamba angependa angesubiri zaidi. Barcelona walishinda 2-1, lakini tungeona fainali nyingine kabisa.

Sasa njoo kwenye sinema. Filamu za hadithi zinazohusu soka zinampenda refa anayepuliza: penalti ya dakika ya mwisho, kadi nyekundu ya dhuluma, bao lililokataliwa. Faida huioni. Nadhani sababu iko kwenye uhariri. Faida inahitaji sekunde kadhaa ambazo hazijakatwa, ili jicho lione kosa, mwamuzi na kinachofuata kwa pamoja. Mhariri wa filamu hukata: mguu, uso, mpira, wavu. Hata filamu ya mwaka 2006 ya Douglas Gordon na Philippe Parreno, iliyomfuata Zinédine Zidane kwa kamera 17 katika mechi moja ya Real Madrid dhidi ya Villarreal, inamtazama mtu mmoja kiasi kwamba maamuzi ya refa yanatufikia kama radi, bila kuona wingu.

Filamu inayoionyesha faida ilivyo imetoka Romania. Inaitwa Al doilea joc, yaani mchezo wa pili, ya mwaka 2014, na mwongozaji wake ni Corneliu Porumboiu. Ndani yake hakuna picha nyingine ila mkanda wa televisheni wa mechi ya Steaua na Dinamo iliyochezwa Bucharest mwezi Desemba 1988, theluji ikianguka mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mtangazaji imeondolewa. Badala yake tunawasikia watu wawili wakiitazama mechi na kuzungumza: Porumboiu na baba yake, Adrian, ambaye ndiye aliyekuwa refa siku hiyo.

Steaua ilikuwa timu ya jeshi. Dinamo ilikuwa timu ya wizara ya mambo ya ndani, wenye polisi na wapelelezi wa Ceaușescu, dikteta wa Romania wakati huo. Gheorghe Hagi alikuwa Steaua, na kocha wa Dinamo alikuwa Mircea Lucescu. Kuchezesha dabi ya namna hiyo chini ya utawala ule hakukuwa kazi ya mchezo. Porumboiu anasimulia kwamba akiwa mtoto aliwahi kupokea simu nyumbani ya mtu aliyemtishia maisha baba yake.

Na huyo ndiye refa aliyeamua kupuliza kidogo. Wachezaji wanateleza, wanagongana, na yeye anaacha mpira utembee. Mwanawe akimuuliza, anaeleza kwamba alipenda kutumia faida. Ukiitazama kwa utulivu utaona jinsi uamuzi huo unavyowatuliza wachezaji: hawapati muda wa kumzunguka na kulalamika. Wakianza kusukumana, anayeyumba si refa bali mtu wa televisheni. Kamera inakimbilia majukwaani, kwa kuwa wanajeshi na polisi hawakutakiwa kuonekana wakigombana mbele ya taifa.

Matokeo yalikuwa suluhu, 0-0. Baba haoni kwa nini mtu atazame mechi ya zamani. Anasema soka huharibika haraka, haihifadhiki. Mimi namwona amekosea, walau kwa mechi hii. Bao lolote tunaweza kulipata kwenye kipande cha nusu dakika. Kazi ya mwamuzi anayejua kusubiri haikatiki vipande, na sijui filamu nyingine iliyoiacha ionekane kwa dakika tisini kamili.