Tofali la bakteria: uliza kwanza urea imetoka wapi

Saruji tuliyoizoea huanza na mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye tanuri hadi nyuzijoto 1,450 hivi. Wengi hulaumu makaa ya mawe peke yake, ila jiwe lenyewe likiungua huachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua, hewa hiyo itatoka tu. Saruji huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu.

Bakteria hupita njia nyingine. Sporosarcina pasteurii, anayeishi udongoni, ana kimeng'enya kiitwacho yurease kinachovunja urea, ileile mkulima anayokuzia mahindi. Urea ikivunjika hutoa amonia na kaboneti. Kaboneti ikikutana na kalsiamu iliyoyeyuka majini, hugeuka fuwele za chokaa. Mtaalamu hujaza mchanga kwenye kalibu, hupitisha maji yenye bakteria, kisha yenye urea na kalsiamu, na kurudia kwa siku kadhaa. Fuwele huota pale punje zinapogusana, mchanga ukashikana bila moto wowote. Udongo wa mfinyanzi haufai, maana vitundu vyake ni vidogo mno bakteria kupenya.

Tatizo ni kwamba urea ya dukani hutengenezwa viwandani, mara nyingi kwa gesi asilia, nayo ina hewa ya ukaa yake. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Cape Town kilijibu hoja hiyo kwa mkojo, ambao una urea yake wenyewe. Dyllon Randall na mwanafunzi wake Suzanne Lambert walitumia mkojo uliokusanywa kwenye vyoo vya wanaume, wakatoa mbolea kwanza, kisha maji yaliyobaki yakaenda kwenye kalibu. Tofali moja lilihitaji lita 25 hadi 30 za mkojo na siku 4 hadi 6 kukomaa. Likiachwa zaidi, linazidi ugumu. Na harufu? Amonia inanuka, hilo halifichiki, ila tofali likikauka huisha baada ya siku mbili hivi. Amonia yenyewe isimwagwe ovyo: ikiingia mtoni huua samaki, ikikusanywa ni mbolea.

Kwa nguzo na zege la nondo, nashauri tubaki na saruji. Ualkali (kinyume cha uasidi) mkali wa zege ndio unaozuia nondo kushika kutu, na chokaa ya bakteria haifikii kiwango hicho. Hapo bakteria wana kazi ya ukarabati. Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, huchanganya kwenye zege mbegu za bakteria waliolala pamoja na chakula chao, kalsiamu lakteti, kisichotoa amonia. Ufa ukipitisha maji, bakteria huamka na kuuziba kwa chokaa. Wanamudu nyufa za hadi milimita 0.8, zikizidi hapo, muite fundi.